Simu mpya ya daraja la juu: je, inafaa kuinunua kwa pesa ya korosho?

Kila mwaka kampuni kubwa za simu hutoa toleo jipya linalouzwa bei kuliko simu zao nyingine. Apple hutangaza iPhone mpya mwezi Septemba, na Samsung hutoa Galaxy S mpya mwanzoni mwa mwaka. Huku kwetu kusini, Septemba ndio wakati wa kuokota korosho, na Oktoba minada inaanza. Kwa hiyo tangazo la simu na malipo ya korosho hufika karibu pamoja, na kila msimu wasikilizaji hutuuliza swali lilelile: nimelipwa, je, ninunue ile simu mpya?

Makala hii inaeleza unalipia nini unaponunua simu ya daraja la juu, ni kipi kati ya hivyo kitakufaa kijijini, na jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe kabla pesa haijatoka mkononi.

Simu ya daraja la juu ni ipi?

Ni ile ambayo kampuni imeweka ndani yake kila kizuri ilicho nacho: kamera bora, kioo kinachoonekana vizuri juani, kichakata chenye nguvu na umbo linalostahimili maji na vumbi. Mfano ni Samsung Galaxy S25, iliyotoka mwaka 2025. Marekani ilianza kuuzwa dola 799, takriban shilingi milioni 2. Kaka yake, S25 Ultra, alianza na dola 1,299, zaidi ya shilingi milioni 3. Hapo bado usafiri, kodi na faida ya muuzaji wa hapa nchini.

Chini yake zipo simu za bei ya kati, kisha simu janja za bei nafuu kama nyingi za Tecno, Infinix, itel na Samsung Galaxy A zile za namba ndogo.

Unalipia nini hasa?

Tuanze na yale ambayo simu hizi zinashinda kweli.

La kwanza ni kamera. Usiangalie idadi ya megapikseli peke yake. Galaxy A06 ya bei nafuu ina kamera ya megapikseli 50, na Galaxy S25 nayo ina kamera kuu ya megapikseli 50. Tofauti iko kwenye lenzi, kwenye ukubwa wa kipande kinachopokea mwanga na kwenye uwezo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Usiku kwenye sherehe au unapochukua video ukitembea, utaiona tofauti hiyo. Lakini kama kazi yako ni kupiga picha ya jani lenye ubwiri unga mchana kweupe na kumtumia bwana shamba kwa WhatsApp, simu ya kawaida inatosha. WhatsApp yenyewe hupunguza ubora wa picha unapoituma kwa njia ya kawaida.

La pili ni kustahimili maji na vumbi. Nyingi za daraja hili zina kiwango kinachoitwa IP68. Kwa Galaxy S25, maana yake imepimwa kwenye maji baridi ya kina cha mita 1.5 kwa dakika 30. Kwa mtu wa shambani au mvuvi hilo si dogo. Lakini jua mambo mawili: maji ya bahari hayamo kwenye kipimo hicho, na simu ikiingia maji kwa kawaida waranti hailipi.

La tatu, na wengi hawaliulizi, ni miaka ya masasisho. Simu inahitaji kuboreshwa programu zake na kuzibwa mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipitia. Kampuni ikiacha kutuma masasisho, simu inaendelea kuwaka lakini inazeeka ndani. Januari 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zilizobaki na Android 4.4. Simu zilikuwa nzima, ila zilikuwa zimepitwa. Samsung ilianza kuahidi miaka 7 ya masasisho kwenye Galaxy S24 mwaka 2024. Kwa simu yenye pesa zako ndani, hili lina maana.

Ila miaka mingi ya masasisho haipatikani juu tu. Galaxy A16, simu ya chini kidogo ya kati iliyotoka mwishoni mwa 2024, iliahidiwa miaka 6. Kwa hiyo uliza dukani: simu hii itapata masasisho mpaka mwaka gani? Muuzaji asipojua, mwombe mtu mwenye bando akuangalizie kwenye tovuti ya kampuni.

Mambo manne yanayobadilika ukifika kijijini

Simu hizi zimetengenezwa zikimfikiria mtu wa mjini mwenye umeme, mtandao wenye kasi na duka la matengenezo karibu. Ukiipeleka kijijini, baadhi ya ulicholipia kinalala.

*Mtandao.* Hakuna simu inayotengeneza mtandao pasipo na mnara. Ukiwa nyumbani kwako, tazama herufi zilizo juu ya kioo cha simu uliyonayo au ya jirani. Ukiona 4G, simu janja yoyote ya sasa yenye 4G itakufaa. Ukiona H au H+, hiyo ni 3G. Ukiona E, hiyo ni 2G, na hata simu ya milioni 3 itafungua video kwa kusuasua. Huduma ya 5G ilianza Tanzania mwaka 2022, na ilianzia mijini. Kama kwako haijafika, unalipia kitu utakachokitumia siku ukienda mjini tu.

*Chaji.* Wengi hudhani simu ghali inakaa na chaji zaidi. Galaxy S25 ina betri ya mAh 4,000. Galaxy A06 ina mAh 5,000. Kichakata cha simu ghali hutumia umeme kwa uangalifu, lakini usitegemee maajabu. Pia chaja haimo kwenye boksi: Apple iliacha kuiweka tangu 2020, na Samsung ikaiondoa kwenye Galaxy S tangu 2021. Ile chaji ya haraka inayotangazwa inahitaji chaja yake maalumu na umeme wa uhakika. Kwa paneli ndogo ya sola inayotoa wati 5, betri ya mAh 5,000 itakuchukua saa 4 hadi 6 za jua kali, iwe simu ya laki 3 au ya milioni 3.

*Redio na memori kadi.* Hili linatugusa sisi na wewe. Redio ya FM kwenye simu haitumii bando, na waya wa hedifoni ndio antena yake. iPhone haina redio ya FM. Galaxy S haina tundu la hedifoni tangu 2020, na tangu 2021 haina nafasi ya memori kadi. Ukiwa na simu kama hizo utatusikia kwa intaneti tu, yaani kwa bando. Hata baadhi ya simu za bei ya kati zimeondoa tundu hilo, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. Kama mnategemea simu kwa taarifa za minada na hali ya hewa, na redio ya betri hamna nyumbani, usilichukulie kirahisi.

*Fundi.* Kabla ya kuuliza bei ya simu, muulize fundi wa mji wa karibu maswali mawili: kioo cha simu hii unacho, na unabadilisha kwa shilingi ngapi? Kioo cha simu ya daraja la juu kinaweza kuwa na bei ya kununulia simu janja nzima mpya. Fundi akisema lazima kiagizwe Dar es Salaam, jumlisha nauli, siku za kusubiri, na uwezekano wa kuletewa kioo kisicho cha kampuni.

Piga hesabu kwa kilo na kwa mwaka

Bei ya simu ikitajwa kwa shilingi, ni rahisi kuikubali. Igeuze iwe kilo. Chukua bei ya simu, gawanya kwa kiasi ulicholipwa kwa kilo baada ya makato. Tuseme umebakiwa na shilingi 3,000 kwa kilo na simu ni 2,400,000: hizo ni kilo 800. Je, shamba lako lilitoa ngapi? Na salfa ya msimu ujao, palizi na ada za shule zitatoka wapi?

Kisha igeuze iwe gharama ya mwaka. Hii ni mifano ya kukuonyesha njia, wewe weka bei za dukani kwako:

- Simu ya 2,400,000 ikidumu miaka 7: karibu 343,000 kwa mwaka.
- Simu ya kati ya 550,000 ikidumu miaka 5: 110,000 kwa mwaka.
- Simu ya 300,000 ikidumu miaka 2: 150,000 kwa mwaka.

Utaona kwamba simu ya bei ya chini kabisa si lazima iwe nafuu kuliko ya kati. Utaona pia kwamba simu ghali, hata ikimaliza miaka yake yote 7, bado inakugharimu zaidi ya mara tatu ya ile ya kati. Na ndani ya miaka hiyo utabadilisha betri angalau mara moja. Tena ikiibiwa mwezi wa tatu, au ikidondoka kutoka kwenye bodaboda, umepoteza kilo 800 kwa mpigo mmoja.

Nani anafaa kuinunua?

Wapo ambao hesabu inawakubali. Mpiga picha wa harusi, mtu anayetengeneza video za kulipwa au mfanyabiashara anayeuza mtandaoni kwa picha, kwake simu ni chombo cha kazi kama jembe. Hata yeye apige hesabu. Kama tofauti kati ya simu ghali na ya kati ni 1,850,000, na kamera bora inamwongezea 50,000 kwa mwezi, itamchukua miezi 37 kurudisha tofauti hiyo. Ikimwongezea 200,000, ni chini ya miezi 10.

Yupo pia aliyelipa ada, ameweka ya pembejeo, ametenga akiba ya ugonjwa, na anaitaka simu kwa sababu anaipenda. Huyo ni pesa yake, na starehe nayo ni matumizi. Ushauri wetu kwake ni mmoja: asubiri toleo jipya litoke, kisha anunue la mwaka uliotangulia. Bei hushuka, na miaka ya masasisho bado ipo mingi.

Kwa wengine, ambao kazi zao ni kupiga, kupokea malipo, WhatsApp, picha za kawaida na redio, simu ya kati yenye ahadi ndefu ya masasisho inawatosha, na kilo zinazobaki zinarudi shambani.

Ukiamua kununua, fuata haya

- Piga *#06# kwenye simu hiyo, upate IMEI ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, usilipe. Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima, na waliokuwa nazo walibaki na kipande cha plastiki.
- Galaxy ya Ultra inayouzwa laki 4 ikiwa "mpya" ni feki au ya wizi. Hakuna duka linalokupa zawadi ya milioni 2.
- Dai risiti ya EFD na karatasi ya waranti yenye jina la duka.
- Kwa simu iliyotumika, muuzaji aifute yote mbele yako mpaka iwake kama mpya. Ikidai nenosiri la mwenyewe wa zamani, iache. Kwa iPhone, fungua mipangilio uone asilimia ya afya ya betri. Ikiwa chini ya 80, jumlisha bei ya betri mpya.
- Ndugu akikuletea iPhone kutoka nje, uliza kama ina sehemu ya kuweka laini. Zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 hazina, na iPhone 17 za Oman na Dubai nazo hazina. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi. Thibitisha kwanza kwamba mtandao wako utakuunganisha.
- Kwa simu ya mkopo, jumlisha kianzio na malipo yote. Kianzio cha 150,000 na 2,000 kila siku kwa siku 365 ni 880,000. Kama dukani simu hiyo ni 550,000, mkopo umekula 330,000. Simu za mkopo hujifunga usipolipa, na miezi ya kiangazi kabla ya mnada ndiyo migumu.

Mwisho, usinunue siku ileile pesa inapoingia. Lala nayo siku saba. Katika siku hizo lipa ada, weka ya salfa, zungumza na wenzako nyumbani, na umwone fundi kuhusu kioo. Siku ya nane simu itakuwa bado ipo dukani, nawe utakuwa unajua kilichobaki mfukoni ni chako kweli.