Sukari Hushika Mkono wa Chumvi

Leo tuzungumze juu ya ile pakiti ndogo ya ORS unayopewa kliniki mtoto akiendesha. Kina mama wengi huipokea huku wakiitazama dripu iliyotundikwa pale kando, kana kwamba wamenyimwa dawa yenyewe. Mmoja aliniuliza waziwazi: "Sista, mtoto ameharisha usiku kucha, nawe wanipa chumvi na sukari?" Sikumlaumu. Hata madaktari walichukua miaka mingi kuamini.

Zamani wengi walidhani utumbo wa mtu anayehara hauwezi kufyonza kitu, heri upumzishwe. Mgonjwa wa kipindupindu alitegemea maji ya mshipani, na mahali pasipo na dripu watu walikufa wengi.

Jibu lilikuwa ndani ya utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima huo ni mrija wa kama mita 6, na ndiyo njia kuu ambayo chakula, maji na dawa nyingi tunazomeza huingia katika damu. Mwaka wa 1960, huko Prague, mwanasayansi wa Marekani Robert Crane alieleza kwamba sukari ya glukosi huvuka ukuta wa utumbo pamoja na chumvi. Ni kama mlango usiofunguka mpaka waje wawili. Wakishaingia, maji huwafuata. Na kipindupindu, kwa ukali wake wote, hakiufungi mlango huo.

Mwaka wa 1968, katika mji wa Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye glukosi na chumvi zilizopimwa. Haja ya dripu ilipungua kwa takriban asilimia 80. Lakini hiyo ilikuwa hospitali, yenye wataalamu wa kupima kila kitu.

Kisha vita vya Bangladesh vikazuka mwaka wa 1971. Mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India, na kipindupindu kikawafuata. Huko Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni, na maji ya mshipani yanakwisha. Basi chumvi, magadi ya kuokea na glukosi vikapimwa Calcutta, vikatiwa katika mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa pasi ya moto, na kule kambini vikakorogwa katika mapipa yenye mfereji. Sehemu inayofuata ndiyo niipendayo. Wauguzi hawakutosha, kwa hiyo jamaa za wagonjwa ndio waliochota na kunywesha, kikombe baada ya kikombe. Vifo, vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4.

Lakini kipimo ni muhimu, mama. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini yarudi utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Kwa hiyo soda si badala ya ORS, wala usiongeze sukari ili apende ladha. Mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipunguza glukosi na chumvi katika pakiti. Soma kama pakiti yako ni ya nusu lita au lita moja, tumia maji safi ya kunywa, ikoroge yote kwa mara moja, na ukimwage kilichobaki baada ya saa 24.

Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole. Usimkatize kunyonya, na umpe vidonge vya zinki kama ulivyoelezwa kliniki. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, amelegea au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mlete mara moja.

Yule mama aliketi kwenye benchi letu na kikombe na kijiko, bado amenuna. Saa nane mchana akaniita kwa sauti kubwa: mtoto alikuwa amemkojolea leso.