Ombwe, Kifyonza Vumbi na Mbwa wa Ukambani

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya amelizoea neno ombwe katika siasa. Kigogo akifariki au chama kikisambaratika, huandikwa kwamba kuna ombwe la uongozi, na kila mtu huona kiti kitupu na wanaokikimbilia. Mwanafunzi wa fizikia analijua kwa maana finyu zaidi: nafasi isiyo na hewa. Lakini mashine ya kusafishia zulia, ambayo kwa Kiingereza imebeba neno hilo, “vacuum”, katika jina lake, Kiswahili hakikuiita mashine ya ombwe. Kiliiita kifyonza vumbi. Mtu wa mji wa Wote au Kitui, huko Ukambani, anayetaka kuinunua kwa sababu ya manyoya ya mbwa kwenye makochi atafaidika akiyajua majina yote mawili, maana moja linaeleza kazi na jingine linaeleza sababu.

Jina la Kiingereza lilitokana na Hubert Cecil Booth, mhandisi wa Uingereza. Mwaka 1901, jijini London, aliona mashine ya usafi iliyofanya kazi kwa kupuliza. Vumbi liliruka, likazunguka, likatua tena karibu na pale lilipotoka. Booth akatandika kitambaa juu ya kiti, akaweka mdomo, akavuta pumzi. Kitambaa kikashika uchafu. Akaunda mtambo mkubwa wa kukokotwa na farasi, uliosimama barabarani huku mabomba yakipitishwa madirishani. Mwaka 1908, Marekani, James Murray Spangler, msafishaji wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, aliyesumbuliwa na pumu, alipata hataza ya mashine nyepesi ya umeme. Hataza hiyo ikaishia kwa familia ya Hoover, na hadi leo wapo Wakenya wanaosema “huva” hata mashine ikiwa ya kampuni nyingine kabisa.

Kitenzi fyonza kilichaguliwa vizuri. Nyuki hufyonza nekta, mbu hufyonza damu, na anayekula muwa huufyonza hadi abaki na makapi. Wako wanaosema “mashine ya kunyonya vumbi”, nami siwapingi sana, ila nyonya imeshabeba mengi: mtoto na titi la mamake, tajiri na vibarua wake. Tatizo la fyonza ni jingine. Linatufanya tudhani kwamba mashine ina nguvu fulani inayolikamata vumbi na kulivuta. Haina. Ndani kuna feni inayozunguka kwa kasi kubwa na kuitupa hewa nje kwa upande wa nyuma. Kanieneo ya hewa ndani ya mashine ikishuka, hewa ya sebuleni, ambayo kanieneo yake ni kubwa zaidi, hukimbilia ndani kupitia mdomo wa bomba na kuzoa kila chepesi kilicho njiani. Nguvu inayosafisha zulia ni ya hewa iliyo nje.

Jambo hili watu wa Kitui na Makueni wanalijua kwa njia ya maji. Pampu ya kukanyaga ya MoneyMaker, inayotumiwa na wakulima wengi wa mboga kando ya mito ya mchanga, hufyonza maji kutoka kina kisichozidi mita 7 hivi. Hata ukanyage hadi magoti yalegee, huwezi kuyafyonza kutoka mita 12, kwa sababu anayeyasukuma maji kupanda bombani ni hewa iliyoyalalia kule chini, na nguvu ya hewa ina kikomo. Pwani kikomo hicho cha kinadharia ni kama mita 10. Kitui mjini, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi zaidi. Kanieneo yake ni karibu kilopaskali 88 badala ya 101, na kikomo hushuka hadi mita 9 hivi. Ndiyo maana kwenye visima virefu huwekwa pampu kama Afridev, ambayo pistoni yake huzama majini na kuyainua kutoka chini. Kifyonza vumbi nacho hutozwa ushuru huohuo wa mwinuko: mashine iliyofanya kazi Mombasa ikiletwa Kitui hupungukiwa na karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu yake, bila kosa la muuzaji wala la fundi.

Kwa hiyo, kama tunataka istilahi kamili ya kinachotokea ndani ya mashine hii, ombwe lenyewe limezidi kiasi. Ombwe halisi halina hewa kabisa. Mashine nyingi za nyumbani huishusha kanieneo kwa kilopaskali 20 hivi tu. Naona tuseme ombwe pungufu. Na msamiati wa pili ambao mnunuzi anauhitaji, pengine kuliko ombwe, ni mtiririko wa hewa: hewa kiasi gani inapita bombani kwa sekunde. Ombwe pungufu huling’oa vumbi, mtiririko hulisafirisha. Unyoya wa mbwa uliojisokota kwenye nyuzi za zulia unahitaji vyote viwili.

Maneno ya upande wa mnyama yapo tayari. Mbwa anayepoteza manyoya tunasema ananyonyoka. Mbwa wa Kikamba wa kawaida, ngiti anayelinda boma na kulala chini ya ghala, hunyonyoka huko nje, na ufagio na upepo humaliza kazi. Mambo hugeuka pale familia inapohamia nyumba yenye zulia la ukuta hadi ukuta, mbwa mwenye manyoya mazito akaruhusiwa ndani, na paka akafanya kochi kuwa lake. Hapo huja na neno mba. Tumezoea kulitumia kwa kichwa cha binadamu, lakini linafaa kabisa kwa vigamba vidogo vya ngozi vinavyodondoka kwa mbwa na paka. Mwenye mzio hupiga chafya hasa kwa sababu ya protini zilizo katika mate na mba hiyo. Unyoya wenyewe ni mchukuzi tu. Mashine inayozoa manyoya yanayoonekana kisha ikaitema mba kwa nyuma imemfanyia mgonjwa ubaya.

Ndipo kichujio kinapokuwa sehemu ya kuulizia kwanza dukani, kabla ya wati. Wati hupima umeme unaoliwa, na mauzo yamezijenga wati kama sifa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mashine mpya za zaidi ya wati 1,600 mwaka 2014, ukashusha kikomo hadi 900 mwaka 2017, na mazulia ya Ulaya hayajaharibika. Yenye wati 1,400 hula tokeni ya uniti 1.4 kwa saa, na sola ndogo ya taa na simu haitaiwasha. Kichujio cha daraja la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, mradi kifuniko kinafunga barabara. Hewa ikipata ufa pembeni, kichujio ni pambo.

Mashine zisizo na mfuko huizungusha hewa ndani ya kopo ili uchafu urushwe pembeni. Wengine huita mtindo huu kimbunga. Mimi napendelea kisulisuli, kwa kuwa kimbunga ni dhoruba ya bahari, na yeyote aliyepita Emali au Kibwezi mwezi wa Agosti amekwisha kukiona kisulisuli kikibeba vumbi jekundu uwanjani. Kisulisuli kinazimudu punje nzito na mafundo ya manyoya. Vumbi laini la Ukambani hukiponyoka na kwenda kukaba kichujio, na ukimwaga kopo, sehemu ya vumbi inakurudia usoni. Kwa nyumba yenye mbwa na mwenye pumu, ningechagua mashine ya mfuko, nikishahakikisha kwamba mifuko ya aina hiyo inapatikana bila kuagizwa kutoka mbali. Ile ya pipa inayotumika kwenye maduka ya kuosha magari ina nguvu na haiogopi maji, ila nyingi zina kichujio cha sifongo au kitambaa tu, na kelele yake itamfukuza paka hadi kwa jirani.

Utunzaji wote unarudi kwenye mtiririko wa hewa, kwa sababu hewa hiyohiyo inayobeba uchafu ndiyo inayopoza mota katika mashine nyingi. Mfuko ukijaa au kichujio kikiziba, sauti hupanda, mwili wa mashine hupata moto, na mwenye nyumba husema umeme umeiunguza. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, kichujio kikung’utwe nje kila baada ya matumizi machache. Kinachooshwa kikaushwe siku nzima kivulini. Kikirudishwa na unyevu, vumbi la udongo mwekundu linageuka tope ndani yake. Majivu ya jiko yenye vuguvugu yasiguswe kabisa na mashine hii.

Kuhusu viroboto, kuna habari njema kwa mwenye mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitangaza mwaka 2007 kwamba kufyonzwa kuliua asilimia 96 ya viroboto waliokomaa katika majaribio yao, na wachanga wote. Hata hivyo tandiko la mbwa lifuliwe na mbwa apewe dawa, maana mashine haifiki kwenye ngozi yake.

Limebaki neno moja linalowakosanisha wateja na mafundi: brashi. Mashine ina brashi ya kuviringika mdomoni, ambayo manyoya marefu huizunguka hadi ikakwama. Chomoa plagi, kata manyoya kwa mkasi kufuata urefu wa brashi, kisha angalia ncha mbili za ekseli, ambako manyoya hujificha na kuyeyusha plastiki kwa joto la msuguano. Katika mashine nyingi za waya, mota pia ina brashi zake, vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Hivi huisha kwa kusagika. Ukiona cheche nyingi kupitia matundu ya hewa, au mashine ikawaka na kuzima ukiitikisa, mwambie fundi aangalie kaboni kabla ya kukubali kununua mota mpya, na umtajie hivyo hivyo, kaboni. Ukimwambia brashi atakusafishia mdomo wa mashine na kukurudishia ikiwa bado inazima.