Mafuta ya Nywele Yaliyomfuta Mpelelezi

Septemba 1950, Wamarekani waliofungua redio Jumapili jioni wakimngoja Sam Spade walikutana na jamaa mwingine. Aliitwa Charlie Wild. Naye alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, naye alikuwa na ofisi, na sekretari wake aliitwa Effie Perrine, jina lilelile la sekretari wa Spade. Kilichobadilika ni mwenye ofisi. Hilo jina Charlie Wild lilitolewa kwenye wimbo wa tangazo la Wildroot, kampuni ya mafuta ya nywele. Si mchezo. Mpelelezi maarufu kuliko wote redioni aliondolewa, mahali pake pakajazwa na mtu aliyepewa jina na chupa ya mafuta.

Ili kuelewa ilivyowezekana, lazima ujue redio ya wakati huo ilimilikiwaje. Kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzo wa miaka ya 1950, redio ndiyo iliyokuwa sebule ya Marekani. Mashirika kama NBC, CBS na ABC yalikuwa na mitambo na saa za hewani, lakini vipindi vyenyewe mara nyingi vilikuwa mali ya mdhamini. Kampuni ya sabuni, sigara au mafuta ililipa waandishi, waigizaji na muda. Leo kampuni hununua sekunde thelathini katikati ya kipindi. Wakati huo ilinunua kipindi kizima, na ikitaka kukizima, inakizima.

Hadithi za upelelezi zilikuwa biashara tamu kwa sababu zilifaa redio kabisa. Huoni kitu, kwa hivyo unaogopa kila kitu. Studio ilikuwa na mlango mzima uliosimamishwa kwenye fremu yake, upo tu wa kufunguliwa na kufungwa mbele ya maikrofoni. Karatasi ya plastiki iliyokunjwakunjwa ikawa moto unaowaka. Viatu vikavu kwenye ubao vikawa mtu anayekufuata gizani. Nimesikiliza vipindi hivi kwa simu ndani ya matatu usiku, na nakwambia, kishindo kimoja cha viatu masikioni kinatosha kukufanya ugeuke uangalie kiti cha nyuma.

Sam Spade ndiye aliyekuwa na mdomo mtamu kuliko wote. Kipindi kilianza 1946, Howard Duff akiwa sauti yake na Lurene Tuttle akiwa Effie. Kila wiki Spade aliingia ofisini amechoka, pengine amepigwa, akamsomea Effie ripoti ya kesi aandike. Ripoti hiyo ndiyo iliyokuwa hadithi. Alijitania, akawatania polisi, akawatania matajiri waliomwajiri. Aliitoa hata namba ya leseni yake, 137596, kama mtu anayejua kwamba hiyo leseni ndiyo mali yake yote.

Aliyemuumba Spade ni Dashiell Hammett, na huyu hakuwa mtu wa kubuni upelelezi akiwa kitandani. Aliacha shule akiwa kijana mdogo, na mwaka 1915 akaajiriwa na Pinkerton, kampuni kubwa ya wapelelezi wa kulipwa. Aliwajua wezi, aliwajua mabosi, akajua pia jinsi mabosi walivyowatumia wapelelezi kuvunja migomo ya wafanyakazi. Kisha akaugua kifua kikuu, akaacha kazi, akaanza kuandika. *The Maltese Falcon*, riwaya yenye Spade, ilitoka 1930. Riwaya yake ya mwisho ilitoka 1934. Baada ya hapo kalamu ilikauka, lakini redio ikamlipa kwa majina tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vipindi vitatu vilitokana na kazi yake: Spade, *The Thin Man* na *The Fat Man*. Skripti ziliandikwa na watu wengine.

Basi Juni 1950 kikatoka kitabu kidogo kiitwacho *Red Channels*. Kwenye jalada palikuwa na mkono mwekundu umeshika maikrofoni. Waliokitoa walikuwa wachapishaji wa jarida la *Counterattack*, lililoanzishwa na watu watatu waliowahi kuwa maafisa wa FBI. Ndani kulikuwa na majina 151 ya watu wa redio na televisheni. Mbele ya kila jina, orodha: alihudhuria mkutano fulani, alitia sahihi barua fulani, alichangia kamati fulani. Hakuna mahakama iliyokaa, na hakuna aliyeitwa ajitetee. Ujumbe ulikuwa tu kwamba hawa wananuka ukomunisti. Orson Welles alikuwemo. Mshairi Langston Hughes alikuwemo. Lena Horne pia. Dashiell Hammett alikuwemo, na Howard Duff alikuwemo. Yaani mwandishi wa Spade na sauti ya Spade, wote wawili ndani ya kitabu kimoja.

Kitabu hakikuwa na nguvu ya sheria. Kilikuwa na nguvu ya simu. Agosti mwaka huohuo mwigizaji Jean Muir aliondolewa kwenye kipindi cha televisheni baada ya watu wachache kumpigia mdhamini wakilalamika. Watu wachache tu! Lakini mwenye kuuza chakula au mafuta hataki ugomvi, anataka wateja. Kwake haikuwa lazima mtu awe na hatia. Kuzungumziwa kulitosha. Mwezi uliofuata Wildroot ikaachana na Spade.

Wasikilizaji hawakunyamaza. Barua zilimiminika NBC, na Novemba 1950 shirika likamrudisha Spade, safari hii bila mdhamini na bila Howard Duff. Sauti ilikuwa ya Steve Dunne, kijana mzuri lakini siye. Mtu aliyezoea sauti hudanganywi kirahisi. Aprili 1951 kipindi kikaisha.

Mdhamini angeweza kubadilisha jina la shujaa kwa wiki moja. Kilichofuata kilichukua muda zaidi, kwa sababu shujaa mwenyewe alibadilika tabia.

Majasusi walikuwepo redioni tangu zamani. *Counterspy* ilianza 1942, ikipambana na Gestapo na majasusi wa Japani. Adui alitoka nje, na kumkamata kulikuwa kama kufukuza mwizi kijijini. FBI nayo ilikuwa na kipindi kilichobarikiwa na mkurugenzi wake J. Edgar Hoover, *This Is Your FBI*, kuanzia 1945. Lakini mwaka 1952 ikaja *I Was a Communist for the FBI*, Dana Andrews akiwa mhusika mkuu. Vipindi 78 vilirekodiwa na kuuzwa kwa stesheni kotekote nchini. Kilitokana na maisha ya Matt Cvetic wa Pittsburgh, mtu wa kweli aliyejiunga na chama cha kikomunisti miaka ya 1940 ili aipelekee FBI habari. Redioni Cvetic ni shahidi mteswa: ndugu zake wanamchukia wakidhani ni mkomunisti kweli, na kila wiki anamaliza kwa kulalamikia upweke wake. Filamu ya mwaka 1951 ya habari hiyohiyo, iliyoigizwa mwanzo hadi mwisho, ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za hali halisi. Cheka kwanza, kisha ufikirie.

Weka hawa wawili pamoja. Spade si malaika. Mwishoni mwa riwaya anampeleka polisi mwanamke ambaye pengine anampenda, kwa sababu huyo mwanamke amemuua mwenzake wa kazi. Lakini katika kitabu hichohicho mwendesha mashtaka anambana aseme habari za mteja wake, na Spade anakataa peupe. Kwake muuaji hutolewa, mteja halindwi nusunusu. Cvetic wa redioni kazi yake ni moja tu, kukaa na watu, kula nao, kisha kupeleka majina. Ndani ya miaka miwili, ushujaa wa redioni ulitoka kwa mtu anayekataa kusema ukaenda kwa mtu anayesema.

Na wakati sauti ya Spade ilikuwa imezimwa, Hammett alisimama mahali pake. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa dhamana uliowatoa nje viongozi wa chama cha kikomunisti. Wanne kati yao walipotoroka mwaka 1951, jaji alitaka majina ya waliochangia mfuko huo. Hammett alikataa kujibu. Akahukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama, akakaa ndani karibu mitano. Alikuwa na umri wa miaka 57, na mapafu yake yalikuwa mabovu. Huyu ni mtu aliyekuwa jeshini katika vita vikuu vyote viwili, cha pili akijiandikisha akiwa na miaka 48 na kupelekwa visiwa vya baridi kali huko Alaska.

Alipotoka jela Desemba 1951, vipindi vyote vitatu vilikuwa vimekwisha. Serikali ilimdai kodi na kushika mapato yake. Alikufa Januari 1961, akazikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi. Mwaka uliofuata, Septemba 1962, CBS ilifunga tamthilia zake mbili za mwisho za usiku, *Suspense* na *Yours Truly, Johnny Dollar*. Televisheni ilikuwa imeshachukua sebule.

Rekodi za Spade zipo kwenye intaneti, bure. Ukizisikiliza leo usiku, usiruke matangazo. Wimbo wa mafuta unaingia katikati ya kesi kama mtu aliyekuja bila kubisha hodi, na ukweli ni kwamba hakuhitaji hodi. Nyumba ilikuwa yake.