Kitufe Chekundu: Historia Fupi ya Mashine za Kuvunja Vitu

Leo tuweke programu kando kidogo, ingawa mwisho wa yote tutarudi huko huko.

Kwetu Werugha, fundi hupima tofali kwa kuligonga na jingine. Likilia kama kengele, linajengewa. Mlio ukiwa mzito, linatupwa. Kipimo hicho hakijaumiza mtu, lakini hakikupi tarakimu.

Aliyetaka tarakimu ni Mskoti David Kirkaldy. Mashine aliyoibuni ilitengenezwa Leeds, Uingereza, katika miaka ya 1860. Ina urefu wa takriban mita 14, na kwa shinikizo la maji iliweza kuvuta au kubana kwa pauni 1,000,000, yaani karibu tani 450. Mwaka 1874 alifungua karakana yake katika mtaa wa Southwark, London, na juu ya mlango akachonga maneno yasemayo kwamba pale panatolewa ukweli, si maoni. Daraja la Tay lilipoanguka pamoja na treni tarehe 28 Desemba 1879, na watu wapatao 75 kufa, vipande vya chuma chake vilipelekwa kwake vipimwe.

Sasa tatizo. Mashine ya kuvunja chuma haijui ipi ni nondo na kipi ni kidole. Nondo inayovutwa huhifadhi nguvu kama manati. Ikikatika, nguvu yote inatoka mara moja. Mchemraba wa zege wa milimita 150, ukiwa wa daraja la 25, unatakiwa kuhimili karibu tani 57. Ukipasuka, vipande huruka. Jiwe gumu ni hatari zaidi, na hilo linawahusu vijana wetu wanaosomea uhandisi wa madini pale Voi, Chuo Kikuu cha Taita Taveta.

Sheria nazo zilikuja polepole. Uingereza ilianza kulazimisha kinga kwenye mashine za viwanda vya nguo mwaka 1844. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe.

Hapo ndipo naingia mimi. Miaka michache iliyopita niliombwa kuandika programu ya kuendesha mashine ya kupimia katika maabara moja, ambayo sitaitaja. Nilijivunia sana kitufe cha "SIMAMA" nilichokichora kwenye skrini. Siku ya majaribio kompyuta ikaganda, kitufe changu kikaganda nayo, na kichwa cha mashine kikaendelea kushuka. Mzee fundi wa maabara hakusema neno. Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu kilicho kwenye mashine yenyewe, kinachokata umeme moja kwa moja. Zilibaki sentimita mbili hivi.

Nilikuwa nimesahau somo la Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Wabunifu wake waliondoa vizuizi vya kimakanika vilivyokuwa kwenye toleo la awali, wakaitegemea programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, na walau watatu wakafa.

Kwa hiyo, ukiingia maabara ya namna hii:

- Weka swichi za kikomo kabla ya kufunga sampuli.
- Mmoja tu ndiye ashike vidhibiti. Mwenzako akiwa na mkono ndani, usiguse kitu.
- Funga kinga, vaa miwani.
- Mafuta yakivuja kwenye bomba lenye shinikizo, usitafute tundu kwa mkono. Yanaweza kupenya ngozi.
- Bonyeza kitufe chekundu kabla ya kuanza kazi, uhakikishe kinafanya kazi.

Nawe mwandika programu mwenzangu, programu yako isiwe kizuizi cha mwisho kati ya chuma na mkono wa mtu. Mzee yule bado namsalimu kila nikipita. Tuonane tena.