Ada ya Kubadili Safari

Zamani, msafiri aliyetaka kuvuka bahari kutoka Lamu au Mombasa kwenda Arabuni alikuwa chini ya amri ya pepo mbili. Kusi ilipovuma, aliondoka. Kaskazi ilipovuma, alirejea. Upepo ukikataa, nahodha na abiria walikaa bandarini pamoja, wala hapakuwa na mmoja aliyeweza kumlaumu mwenziwe. Siku hizi mambo ni mengine. Ndege haingoji msimu; huondoka kwa saa na dakika iliyoandikwa, na abiria hununua nafasi yake majuma mengi, pengine miezi mingi, kabla ya siku ya safari. Basi hapo ndipo lilipozuka swali ambalo baba zetu hawakulijua: siku ya safari ikifika, naye abiria hawezi kusafiri, hasara iwe ya nani?

Kwa miaka mingi kampuni za ndege zilijibu swali hilo kwa neno moja: ada. Abiria aliyetaka kubadili siku yake alitozwa fedha, na asiyetaka kulipa alipoteza tikiti. Lakini mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, ada hiyo ilisamehewa karibu kila mahali. Wengi waliusifu msamaha huo kuwa ni hisani kubwa. Yafaa tuitazame habari yake kwa utulivu, tujue ni wapi palipokuwa na hisani, na ni wapi palipotakiwa haki.

Ili tulielewe jambo hili hatuna budi kwenda Marekani, kwa kuwa huko ndiko ada hii ilikokua na kunenepa. Tangu mwaka 1938 nauli za ndege katika nchi hiyo zilikuwa chini ya usimamizi wa serikali, na kampuni hazikuwa huru kushindana kwa bei. Mwaka 1977 kampuni ya American Airlines ilianza kuuza nauli rahisi iliyoitwa Super Saver. Urahisi huo ulikuja na masharti, na mojawapo ni kwamba mnunuzi alipaswa kununua tikiti yake siku nyingi kabla ya safari. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1978, sheria mpya ilizifungua kampuni zote zipange bei zenyewe. Toka hapo tikiti zikagawanyika namna mbili: ile ya ghali, ambayo mwenyewe aliweza kuibadili apendavyo, na ile ya rahisi, ambayo mwenyewe alifungwa nayo kama aliyeweka nadhiri.

Tusiwalaumu wenye ndege kabla ya kuwasikiliza. Kiti cha ndege ni kama samaki wa mchuuzi: kisipouzwa mapema, thamani yake huoza. Ndege ikiisha kuruka na kiti kitupu, hakuna atakayekinunua kesho. Kwa hiyo mwenye kampuni husema, na husema kweli, kuwa mtu aliyeahidi kukikalia kiti kisha akageuka dakika ya mwisho amemtia hasarani. Ahadi ni deni, na ada ilikuwa njia ya kumkumbusha abiria deni lake.

Hata hivyo, jambo lililoanza kama ukumbusho likageuka kuwa pato. Mwaka 2013 kampuni ya United ilipandisha ada ya kubadili safari za ndani ya Marekani kutoka dola 150 hadi dola 200, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Kufikia mwaka 2019 kampuni za Marekani zilikusanya kiasi cha dola bilioni 2.8 kwa ada za kubadili na kufuta safari peke yake. Wala haikuwa lazima kabisa kuishi kwa njia hiyo, kwani kampuni ya Southwest ilikuwa ikiendesha biashara kubwa katika nchi hiyo hiyo bila kutoza ada hiyo.

Ada hiyo ilikuwa na ubaya mwingine uliofichika, ambao haukuonekana siku za uzima. Mfikirie mtu aliyeamka na homa na kikohozi asubuhi ya safari. Busara yamwambia akae nyumbani. Tikiti yamwambia aende. Akikaa atalipa dola 200. Akienda hatalipa chochote, na watakaolipa ni wale watakaokaa karibu naye saa nyingi katika chumba kimoja kilichofungwa. Tajiri aweza kuifuata busara yake, lakini mtu wa mshahara mdogo husukumwa kwenda na mkono asiouona. Hivyo sharti la biashara, ambalo halikukusudiwa kumdhuru mtu, huweza kuwa msaidizi wa maradhi.

Jambo hili lilifahamika mapema katika nchi ambako ugonjwa ulianza kuonekana. Mwezi wa Januari 2020, kabla ya mji wa Wuhan kufungwa tarehe 23, wakuu wa usafiri wa anga wa China waliamuru kuwa waliokuwa na tikiti za kwenda au kutoka mji huo waruhusiwe kubadili au kurudishiwa fedha bila ada. Baada ya siku chache tu amri hiyo ilienezwa kwa safari za nchi nzima. Amri hii ilikuwa fupi, na maana yake ilikuwa wazi: serikali ilitaka watu wasisafiri, basi iliondoa kile kilichowasukuma kusafiri.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Februari 2020 kampuni ya JetBlue ilitangaza kusamehe ada za kubadili na kufuta, na mwanzoni mwa Machi kampuni kubwa zikafanya vivyo hivyo. Lakini msomaji aangalie vizuri: msamaha wa kwanza haukuwa kwa waliokwisha kununua tikiti. Ulikuwa kwa wale watakaonunua tikiti mpya katika siku zilizotajwa. Yaani haukutolewa kwanza ili kumpumzisha aliyefungwa, bali ili kumtoa hofu aliyesita kununua. Ni baadaye tu, ugonjwa ulipozidi, na baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 Machi kuwa maradhi hayo yameenea ulimwenguni, ndipo msamaha ulipoenezwa kwa wingi hadi kwa wenye tikiti za zamani.

Baada ya hapo anga ikawa tupu. Tarehe 14 Aprili 2020 watu waliopita katika vituo vya ukaguzi vya viwanja vya ndege vya Marekani walikuwa 87,534 tu, ilhali siku kama hiyo mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya milioni mbili. Kwetu Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25 Machi, wala hazikuanza tena hadi tarehe 1 Agosti. Aliyekuwa amenunua tikiti ya kwenda masomoni, au kumwona mzazi mgonjwa, au kurudi kazini Ghuba, alibaki na karatasi mkononi.

Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi waliyachanganya. La kwanza ni abiria kubadili nia yake. La pili ni kampuni kuifuta safari yenyewe. Katika la kwanza, ahadi imevunjwa na abiria, na kumsamehe ada ni hisani. Katika la pili, ahadi imevunjwa na kampuni, hata kama imeivunja bila ya kupenda. Kumwambia abiria huyo, "Tumekusamehe ada, chagua siku nyingine," ni kama muuza nguo ambaye amepokea fedha, akashindwa kutoa nguo, kisha akajisifu kwa ukarimu kwa kuwa amemruhusu mnunuzi angojee nguo nyingine mwakani. Mnunuzi huyo hahitaji msamaha, kwa sababu hana kosa. Anachostahili ni fedha zake.

Ndivyo ilivyotokea kwa watu wengi mno. Kampuni nyingi ziliwapa abiria hati za kusafiria siku za mbele badala ya fedha. Wizara ya Usafirishaji ya Marekani ilitoa tangazo tarehe 3 Aprili 2020 ikizikumbusha kampuni kuwa wajibu wa kurudisha fedha kwa safari zilizofutwa haukuondolewa na ugonjwa. Mwaka huo wizara ilipokea malalamiko zaidi ya 100,000, ilhali mwaka 2019 yalikuwa kama 15,000. Na mengi yalihusu fedha zisizorudishwa. Ulaya nako sheria ya mwaka 2004 ilimpa abiria wa safari iliyofutwa haki ya kudai nauli yake. Serikali kadhaa za huko ziliomba sheria hiyo ilegezwe, ili hati zitolewe badala ya fedha. Tume ya Ulaya ilikataa. Mwezi wa Mei 2020 ilishauri hati zifanywe za kuvutia, lakini ikashikilia kuwa abiria azichukue kwa hiari yake.

Wenye ndege nao walikuwa na hoja nzito. Fedha za tikiti zilikuwa zimekwisha kutumika kwa mishahara, mafuta na madeni ya ndege, na fedha mpya hazikuingia. Kama wote wangedai kwa siku moja, walisema, kampuni zingeanguka, na mfanyakazi na abiria wangekosa pamoja. Serikali ya Marekani haikuipuuza hoja hiyo: sheria iliyotiwa sahihi tarehe 27 Machi 2020 ilitenga hadi dola bilioni 25 kwa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni za ndege za abiria, na kiasi kama hicho cha mikopo. Lakini hapo ndipo abiria alipouliza kwa uchungu: iwapo kampuni yasaidiwa na umma isife kwa dhiki, mbona mimi niliye katika umma huo, niliyepoteza kazi na ninayedaiwa kodi ya nyumba, naambiwa niikopeshe kampuni nauli yangu?

Mwisho wa mwezi wa Agosti 2020 lilitokea jambo ambalo wachache walilitazamia. Tarehe 30 kampuni ya United ilitangaza kuwa ada ya kubadili safari za ndani imeondolewa moja kwa moja. Kesho yake Delta na American zikafanya hivyo hivyo. Ada iliyoingiza mabilioni ikaanguka kwa siku mbili. Je, ilikuwa ni huruma? Huenda huruma ilikuwamo, lakini viti vitupu vilikuwamo zaidi. Isitoshe, tikiti za bei ya chini kabisa hazikuingizwa katika ahadi hiyo ya kudumu, na aliyebadili siku bado alipaswa kulipa tofauti ikiwa nauli mpya ilikuwa kubwa. Hivyo mnyonge kuliko wote, anayenunua kile cha rahisi kuliko vyote, ndiye aliyebaki katika kifungo.

Fedha zilizozuiwa zilichukua muda mrefu zaidi. Mwezi wa Novemba 2022 wizara ile ilitangaza kuwa kampuni sita, mojawapo ya Marekani na tano za nchi nyingine, zimerudisha zaidi ya dola milioni 600 kwa abiria wao, na kuwa zimetozwa faini kwa kuchelewa. Mwezi wa Aprili 2024 ikatoa kanuni iliyotaka fedha za safari iliyofutwa zirudishwe bila abiria kuhangaika kuziomba. Na sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Mei mwaka huo ikalitia nguvu jambo hilo. Kanuni hiyo ilivyoandikwa ilimkumbuka hata yule mtu wetu mwenye homa: anayeshauriwa na tabibu asisafiri kwa sababu ya ugonjwa mkubwa wa kuambukiza apewe hati ya kusafiria itakayodumu si chini ya miaka mitano.

Habari hii yatufundisha nini? Yatufundisha kuwa hisani ni jambo jema, lakini hisani ina mwenyewe. Anayeitoa leo aweza kuiondoa kesho, na huichagulia siku, watu na masharti kwa kadiri ya faida yake. Haki haina mwenyewe mmoja. Ikiisha kuandikwa, mnyonge huitaja bila ya kuinama. Msamaha wa mwezi wa Machi 2020 ulikuwa na manufaa, na wengi walinusurika kwa kutosafiri. Lakini kilichomrudishia abiria fedha zake ni sheria iliyokuwapo kabla ya dhiki, pamoja na watu zaidi ya 100,000 walioshika kalamu na kudai.

Maradhi mengine yatakuja, kwani historia haijapata kuonyesha karne isiyokuwa nayo. Siku hiyo ikifika, mtu mwenye homa atasimama tena na tikiti mkononi, akipima afya ya jirani zake na fedha za mfukoni mwake. Ni kazi ya wale watakaotunga sheria, ambao huenda baadhi yao leo wamo madarasani wakisoma kurasa hizi, kuhakikisha kuwa katika mizani hiyo busara haitozwi ada.