Sida: wakati mwili unapoteza kapita wake

Watu wengi hapa Lubumbashi wanasema sida ndiyo inaua mutu. Lakini mara nyingi mugonjwa wa sida anauawa na kifua kikuu, homa ya mapafu ao ugonjwa unaoingia ku ubongo. Mwili wenye nguvu unaweza kupigana na magonjwa hayo. Sasa juu ya nini mwili wake unashindwa?

Ndani ya damu kuna chembe nyeupe za namna mbalimbali. Zingine zinameza mikrobe, zingine zinatengeneza silaha ya kuipiga, zingine zinaua chembe zenye zimekwisha kuingiwa na virusi. Na kuna chembe T za kusaidia, zile wanganga wanaita CD4. Kazi yao kubwa ni kutambua adui na kutoa amri, sawa vile kapita mu mugodi. Kapita asipokuwa, wafanyakazi wako na vyombo, lakini kazi haiendeke.

Virusi ya sida inashambulia kapita huyo. Inashika ku CD4, inaingia ndani, inajizalisha humo, na chembe inakufa. Hiyo inaweza kuendelea miaka mingi, mutu anajisikia muzima.

Inchi yetu ilisaidia dunia kujua jambo hilo. Mwaka 1983, mu hopitali Mama Yemo na hopitali ya universite kule Kinshasa, wanganga walikuta wagonjwa 38, wanaume 20 na wanamuke 18. Wakati ule hakukuwa bado kipimo cha virusi yenyewe. Walipima damu, wakaona chembe T za kusaidia zimepunguka sana. Ilionekana pia kama sida haichague mwanaume ao mwanamuke.

Huku kwetu virusi ilifika zamani. Watafiti walioandika mwaka 2014 wanasema ilianza kusambaa Kinshasa karibu na mwaka 1920, na njia za treni zilisaidia kuifikisha Mbuji-Mayi na Lubumbashi mbele miaka ya 1930 iishe.

Mutu muzima ana kawaida CD4 zaidi ya 500 mu milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, hatari ni kubwa. Hapo hata mikrobe yenye ilikuwa imelala mwilini inaamuka.

Si kila upungufu wa kinga ni sida. Kuna watoto, lakini wachache sana, wanaozaliwa na chembe T zenye haziwezi kutoa amri vizuri, na wanagonjwa kila mara bila virusi hiyo.

Kwa mwenye virusi, dawa za ARV zinazuia virusi kuzaa, na CD4 zinaweza kupanda tena. Lakini dawa hazitoe virusi yote mwilini. Mwenye anaacha dawa kwa sababu amenona na anajisikia vizuri, anairudishia virusi nafasi ya kuua kapita wake. Basi, tusingojee mutu akonde. Tupime damu mapema, na mwenye ameanza dawa azikunywe kila siku.