Baraza la Tororo na Bunge la Busia: nani ni mjumbe, nani huongoza, na nini hutokea kiongozi akikosa wingi

Mkaazi wa Nagongera anayesafiri kwenda Busia, upande wa Kenya, hukuta watu wanaosema lugha anazozijua, lakini hukuta pia serikali ya mashinani iliyojengwa kwa ramani nyingine kabisa. Huku kuna baraza la wilaya na mwenyekiti wake. Kule kuna bunge la kaunti na gavana. Pande zote mbili, kiongozi mkuu anaweza kuchaguliwa na wananchi huku chama chake kikiwa na viti vichache barazani. Hapo ndipo swali la serikali ya wachache huanzia.

Serikali ya wachache ni nini?

Katika mfumo wa kibunge, serikali ya wachache ni ile ambayo chama chake hakikufikisha nusu ya viti bungeni, lakini kinaruhusiwa kutawala maadamu wajumbe wa vyama vingine hawajaungana kukiangusha. Mfano wa karibuni ni jimbo la Tasmania, nchini Australia. Chama cha Liberal cha Jeremy Rockliff kilipata viti 14 kati ya 35 mwaka 2024. Juni 2025 bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, na wananchi wakarudi kupiga kura Julai. Chama hicho kilipata tena viti 14, na Rockliff akaendelea kuongoza bila ya wingi.

Uganda nayo iliwahi kukabiliwa na hesabu ya namna hiyo. Baada ya uchaguzi wa Aprili 1962, chama cha UPC cha Milton Obote kilikuwa na viti 37, DP viti 24, na Kabaka Yekka viti 21 vilivyojazwa na Lukiiko ya Buganda. Hakuna aliyeweza kutawala peke yake. UPC na Kabaka Yekka wakaungana, na muungano huo ndio ulioipokea bendera ya uhuru Oktoba mwaka huo. Haukudumu: ulivunjika mwaka 1964, mwaka wa kura ya maoni juu ya kaunti zilizogombaniwa baina ya Buganda na Bunyoro.

Baraza la wilaya ya Tororo

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaja wilaya kuwa ndiyo msingi wa serikali za mitaa, na inalipa baraza la wilaya mamlaka ya juu ya kisiasa katika eneo lake, yaani kutunga sheria na kutekeleza kwa pamoja. Baraza hilo, ambalo wengi hulijua kwa jina la LC5, hukaa kwa kipindi cha miaka mitano.

Wajumbe wake ni wa aina kadhaa. Kwanza ni mwenyekiti wa wilaya, anayechaguliwa na wapiga kura wote wa wilaya. Pili ni madiwani wanaowakilisha maeneo ya uchaguzi, mmoja kwa kila eneo. Tatu ni madiwani wanawake, ambao sheria inataka wawe theluthi moja ya baraza. Kisha kuna wawakilishi wawili wa vijana, wawili wa watu wenye ulemavu na wawili wa wazee, na katika kila jozi mmoja lazima awe mwanamke.

Baraza humchagua spika kutoka miongoni mwa madiwani wenyewe. Mwenyekiti humteua makamu wake na makatibu wa kamati tendaji, nao pia hutoka barazani, na uteuzi huo hauna nguvu mpaka baraza liuidhinishe. Kwa hiyo, Uganda, anayetekeleza na anayemhoji huketi katika ukumbi mmoja.

Chini ya wilaya, Mamlaka ya Mji wa Nagongera ina baraza lake, lenye mwenyekiti aliyechaguliwa moja kwa moja na bajeti yake. Mji huo wa Budama Magharibi, wenye kituo cha reli na kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema, kwa hiyo una wawakilishi katika ngazi mbili: diwani anayeketi katika baraza la mji na diwani anayeketi Tororo. Malalamiko ya mwananchi hufika haraka zaidi akijua lipi ni la huyu na lipi ni la yule.

Sheria ndogo iliyopitishwa na wilaya hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kupitia waziri wa serikali za mitaa, ili ithibitishwe kwamba haipingani na Katiba wala sheria za nchi. Zaidi ya hayo, Afisa Mkuu Tawala wa wilaya huajiriwa na serikali kuu, na wilayani yupo mwakilishi wa Rais. Sehemu kubwa ya fedha hutoka Kampala, nyingi zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005, wilaya zimebaki na vyanzo vichache vya mapato yao wenyewe.

Bunge la Kaunti ya Busia

Ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47. Busia ina maeneo bunge saba: Teso Kaskazini, Teso Kusini, Nambale, Matayos, Butula, Funyula na Budalang'i. Maeneo hayo yamegawanywa katika wadi 35, na kila wadi humpeleka mjumbe mmoja bungeni. Juu ya hao huongezwa wajumbe wa viti maalumu, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, pamoja na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Viti hivyo hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi vilivyoshinda.

Spika wa kaunti huchaguliwa na wajumbe, lakini yeye mwenyewe hapaswi kuwa mjumbe. Ndani ya bunge, chama au muungano wenye viti vingi hutoa kiongozi wa walio wengi, na unaofuata hutoa kiongozi wa walio wachache. Gavana hachaguliwi na bunge wala haketi humo. Huchaguliwa na wananchi pamoja na naibu wake, na huweza kushika wadhifa huo kwa vipindi viwili tu. Mawaziri wa kaunti huteuliwa na gavana kutoka nje ya bunge, kisha huidhinishwa na bunge.

Gavana wa kwanza, Sospeter Ojaamong, aliongoza Busia kuanzia mwaka 2013 hadi 2022, akafuatiwa na Paul Otuoma.

Kiongozi asiye na wingi

Kwa kuwa mwenyekiti wa wilaya na gavana huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, hawaanguki kwa sababu tu ya kukosa wingi barazani. Tatizo lao huonekana katika kazi za kila siku. Wateule wao wanaweza kukataliwa, na bajeti inaweza kucheleweshwa au kupanguliwa. Kule Kenya, mswada ambao gavana ameurudisha bungeni unaweza kupitishwa tena kwa theluthi mbili ya kura, hata kama yeye hautaki.

Kuondolewa madarakani ni hatua ya mwisho, na masharti yake ni mazito. Nchini Uganda, zinahitajika kura za theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza, na lazima pawepo sababu inayotambuliwa na Katiba, kama vile kutumia madaraka vibaya, rushwa, utovu wa maadili, au kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Nchini Kenya, bunge la kaunti likipitisha hoja kwa theluthi mbili, shauri huhamia katika Seneti, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho kabla ya mahakama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Meru. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana akiwa mgombea huru, asiye na chama cha kumlinda bungeni. Wajumbe walipiga kura ya kumwondoa Disemba 2022, wakarudia Oktoba 2023, na mara zote mbili Seneti ilimwokoa. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti iliafiki. Mahakama Kuu ilithibitisha uamuzi huo Machi 2025, na aliyekuwa naibu wake, Isaac Mutuma M'Ethingia, akaapishwa. Kura za wananchi zilimfikisha ofisini; kukosa wenzake bungeni kulimfanya aishi humo kwa wasiwasi tangu mwaka wa kwanza.

Wachache kwa chama, wachache kwa kabila

Katika eneo hili la mpakani, neno "wachache" lina maana ya pili, nayo huwagusa watu zaidi. Wateso, ambao mpaka wa kikoloni uliwaacha pande zote mbili, ni wachache katika kaunti ya Busia yenye Waluhya wengi, lakini maeneo bunge mawili kati ya saba yanabeba jina lao, na Ojaamong, aliyewahi kuwa mbunge wa Amagoro, anatoka miongoni mwao. Alishinda mara mbili, jambo lisilowezekana kwa kura za jamii moja.

Tororo hadithi ni tofauti. Wilaya hiyo ilikwisha kumegwa: Busia ya Uganda ilijitenga mwaka 1997, na Butaleja mwaka 2005. Waliobaki hasa ni Wajopadhola, walio wengi, ambao kitovu chao ni Budama Magharibi inakopatikana Nagongera, na Wateso wa kaunti ya Tororo. Kwa miaka mingi viongozi wa Wateso wamedai wilaya yao wenyewe, na mvutano hukwama mahali pamoja: mji wa Tororo uwe wa nani?

Kwa walio wachache, wilaya mpya ina maana ya kuwa na spika wao, bajeti yao na kauli katika ajira. Kwa walio wengi, kuupoteza mji ni kupoteza makao makuu, soko na kumbukumbu. Hesabu ya viti haiwezi kulimaliza shauri hilo, kwa kuwa kura ikipigwa barazani, matokeo yake yanajulikana kabla ya spika kuhesabu mikono.

Ndiyo maana sheria za nchi zote mbili zimeweka milango ambayo wingi pekee haufungui: viti vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, idhini ya wateule, na kiwango cha theluthi mbili. Milango hiyo humlazimisha mwenye nguvu kuzungumza na asiye nazo kabla ya kupita. Panapokosekana mazungumzo hayo, barabara ya Nagongera husubiri bajeti nyingine, na mgonjwa wa Busia hukuta zahanati haina dawa, kila mmoja akiwa na mjumbe wake kihalali kabisa.